Mguu wa kushoto wa Zuhura na mikono ya mama yangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, pamoja na ninyi mnaosoma mkiwa kazini huku bosi akidhani mnapiga hesabu.

Jana kuna kijana aliuliza humu: shemeji yake kajifungua, mguu mmoja umevimba, bibi yao anataka kuukanda kwa maji ya moto, je, ni sawa?

Majibu niliyoyasoma yalinifanya niweke kikombe cha chai chini. Mmoja kasema akandwe kwa maji ya chumvi. Mwingine kasema ni mashetani. Wa tatu kaweka kikatuni kinachocheka.

Nilimjibu yule kijana kwa ufupi: msiuguse, mpelekeni hospitali leo hii. Hapa nataka kueleza kwa nini, maana mambo haya yalitokea nyumbani kwangu na nilikuwepo. Majina nimebadilisha. Mguu sikuubadilisha.

Twende.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari Bagamoyo. Digrii yangu ilikuwa bado inanukia wino. Nilivaa suruali ya bugaluu iliyofagia barabara, na nywele zangu zilikuwa kichaka ambacho ndege angeweza kutaga. Nilikuwa na maoni juu ya kila jambo. Mtu akiniuliza saa, nilianzia ukoloni.

Mke wangu Zuhura ni mtu wa Pangani. Kwa desturi zetu mimba ya kwanza mwanamke huenda kuzalia kwao, kwa mama yake. Lakini mama yake Zuhura alikwishafariki, na shangazi yake, aliyemlea, alikuwa anauguza mumewe. Basi shangazi akaja mwenyewe hadi Bagamoyo kumkabidhi Zuhura kwa mama yangu.

Makabidhiano hayo si mchezo, wakuu. Waliketi mkekani, wakanywa kahawa, wakaulizana hali za watu wa pande zote mbili, hai na marehemu. Ndipo shangazi akasema kwamba anaacha binti, na arobaini ikitimia atakuja kumwona akiwa mzima. Mama akaitika. Kwa watu wa rika lao, kuitika kule kulikuwa kuzito kuliko mkataba wa wakili.

Na Mama alikuwa na sababu ya kuitika bila wasiwasi. Yeye ndiye aliyekuwa mkandaji wa mtaa.

Kwa ninyi wa bara ambao hamjui: mwanamke akijifungua, huku kwetu tunamwita mzazi, na mzazi analazwa ndani arobaini nzima. Anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, tumbo, mgongo, nyonga, miguu. Anasingwa kwa mafuta ya nazi, anafungwa tumbo kwa kanga, anapewa uji wa pilipili manga. Kutembea ni mwiko, labda hadi chooni, tena ameshikwa mkono.

Nusu ya wanawake wa mji ule walikwishapita chini ya mikono ya mama yangu. Mikono yake ilikuwa mipana, mizito, na ilijua inakwenda wapi. Wanawake walisema mzazi aliyekandwa na Bi. Mwanakombo anatoka ndani kama mtu anayerudi kutoka harusini.

Zuhura akajifungua hospitali ya wilaya, mtoto wa kike, salama kabisa. Siku ya pili tukamrudisha nyumbani, Mama akachemsha maji.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha mguu wa kushoto ukaanza kuuma.

Zuhura hakusema. Alikuwa anamwonea mkwewe haya, na isitoshe kila mzazi ana kitu kinachomuuma, atalalamikia kipi aache kipi? Akawa anaufunika mguu kwa kanga. Mama aliugundua asubuhi moja alipokuwa anamwogesha. Mguu mzima ulikuwa umevimba tangu paja hadi unyayo, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na una joto. Ule wa kulia ulikuwa mguu wake wa siku zote.

Sasa hapa ndipo penye kosa ambalo nadhani lingetokea pwani tu.

Watu wa Bagamoyo enzi zile hatukushtushwa na mguu uliovimba. Matende yalikuwa kila mtaa. Kila ukoo ulikuwa na mjomba mwenye mguu mkubwa, na mjomba huyo alikuwa anakwenda sokoni, anaoa, anazeeka. Kuvimba mguu kulikuwa kama upara, jambo la kawaida mwilini.

Kwa hiyo tuliposimama watatu kuuangalia mguu wa Zuhura, kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari. Jirani yetu Bi. Kibibi alisema amekanyaga kitu alichotegewa. Mimi nilitoa mhadhara juu ya mbu na jinsi serikali ya kikoloni ilivyopuuza mitaro ya maji machafu Uswahilini. Mama alisema ni baridi imeingia, na baridi huondolewa kwa kukandwa.

Sote watatu tuliridhika. Zuhura hakuulizwa.

Mama akamkanda. Alianzia kwenye nyonga akashuka, akapanda tena, kwa nguvu zile zile zilizomjengea jina. Zuhura aliuma kanga. Alipomaliza, Mama alimkalisha ili anywe uji.

Zuhura akashika ubavu chini ya ziwa.

"Mama," akasema, "pumzi."

Hakuweza kuendelea. Kila akivuta hewa alikuwa kama anayechomwa. Jasho likamtoka usoni, akaanza kukohoa, na kwenye ncha ya kanga aliyokoholea kukaonekana damu kidogo.

Mimi, mwenye maoni juu ya kila jambo, nilisimama mlangoni nimeshika kikombe cha uji.

Mama hakusimama. Alitoka mbio hadi barabarani bila kanga kichwani, na hilo mtu wa mji wetu anaelewa uzito wake, maana sikuwahi kumwona akitoka nje ya mlango kichwa wazi tangu nizaliwe. Akasimama katikati ya njia, akazuia lori lililobeba chumvi. Zuhura akapandishwa mbele na Mama. Mimi na mtoto wangu mchanga tulikaa juu ya magunia.

Hospitali tulipokewa na daktari kijana, mwanamke, Mhaya. Nitamwita Adventina. Mfupi, sauti ndogo, miwani mikubwa. Alimwamkia Mama shikamoo kabla hajagusa kitu chochote, Mama akaitika marahaba, na nadhani amkio lile lilisaidia yote yaliyofuata.

Alichukua futi ya utepe, ile ya mafundi cherehani, akapima mguu wa kushoto na wa kulia, akasikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama mguu umekandwa.

"Nimeukanda mimi, asubuhi hii," Mama akasema. Hakuzungukazunguka.

Daktari akanigeukia. "Mwalimu, tupishe kidogo. Tuna mazungumzo ya kike."

Nikatoka hadi barazani, nikasimama chini ya dirisha la wavu ambapo kila neno lilisikika. Msinicheke. Mke wangu alikuwa ndani.

Daktari alimweleza Mama kwamba damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, na kipande chake kimenyofoka kikasafiri hadi kwenye pafu. Kingine kikubwa zaidi kikinyofoka, Zuhura anaweza kufa hapo hapo. Mama akauliza damu iliyoganda inatolewaje, kama si kwa kukanda.

Hapo ndipo yule binti alipofanya jambo ambalo namshukuru hadi leo. Angeweza kumkaripia. Manesi wa siku zile walijua kukaripia. Yeye akamuuliza swali.

"Mama, mtu akijikata kidole, damu inafanyaje?"

"Inaganda."

"Na ile ya kila mwezi?"

"Ile haigandi. Inakwenda hivyo hivyo. Ikija na mabonge tunajua mambo si sawa."

"Kwa nini haigandi, na yote ni damu ya mtu mmoja?"

"Mungu kaiumba hivyo."

"Ndivyo, na njia aliyoipitisha ni hii. Damu ile huganda humo humo ndani, kisha mwili unaiyeyusha kabla haijatoka. Mwili una kitu chake cha kuyeyushia damu, Mama, na hakipo huko peke yake. Kipo katika damu yote, hadi ndani ya mshipa wa mguu huu. Kila siku kinasafisha vibonge vidogo ambavyo wala hatuvijui."

"Mbona hiki hakikusafishwa?"

"Kwa sababu ya mimba. Mwanamke akibeba mimba, mwili wenyewe unazidisha kuganda na kupunguza kuyeyusha, ili siku ya kuzaa asiishiwe damu. Akishazaa, mizani hairudi siku hiyo hiyo. Huku kuganda bado kumezidi, huku amelazwa hatembei, damu imetuama. Lakini kile kiyeyushi kipo, na kimeanza kazi. Kinataka muda, na kinataka mguu usisumbuliwe."

Nikasikia kiti kikilia. Kisha sauti ya Mama, ya chini kuliko nilivyoizoea.

"Kilichokwenda kifuani ni mikono yangu iliyokipeleka?"

"Sijui, Mama," daktari akajibu. "Huenda kingekwenda hata angekohoa tu. Ninachojua ni kwamba kuanzia sasa mguu huu asiuguse mtu."

Wakuu, nimesoma vitabu vingi na nimewasikiliza maprofesa. Sijawahi kusikia somo likifundishwa vile. Mama alikuwa kungwi pia, alikwishafunda mabinti wengi, mambo ya damu ya mwezi aliyajua kuliko mtu yeyote mtaani. Daktari alimwanzishia pale pale alipokuwa anajua, akamwongoza hatua hadi pale alipokuwa hajui, bila kumvua heshima yake njiani.

Nilipoitwa ndani nilijitia sijui lolote. Nikauliza swali la kisomi: hiyo dawa itaiyeyusha damu kwa siku ngapi?

"Dawa haiyeyushi, mwalimu," akasema. "Dawa inazuia isiongezeke. Kuyeyusha ni kazi ya mwili wa mkeo."

Nikakata tamaa kidogo, nikiri. Nilitaka dawa iwe shujaa. Kumbe dawa ilikuwa mlinzi wa getini tu, fundi yuko ndani.

Sindano zilizokuwepo zilikuwa chache, za kuanzia. Nyingine ilibidi zifuatwe Dar. Ilikuwa masika, barabara ya enzi zile mnaijua au mmesimuliwa: ukitoka Zinga, ukaikaribia Kerege, gari linasukumwa zaidi ya linavyoendeshwa. Land Rover ya hospitali ikaondoka, tukabaki tunasubiri. Kumsafirisha Zuhura kwa kurushwa vile daktari alikataa kabisa.

Kusubiri kule ndiko kulikokuwa kugumu.

Siku iliyofuata alasiri, maumivu yakazidi. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali upande wa miguu, Zuhura amelala kichwa chini kidogo, mtoto ubavuni. Alikuwa ameshaacha kuona haya. Alikuwa anamlilia Mama amkande. Kidogo tu. Kwa kiganja tu. Alisema, Mama, wewe umewakanda watu wote wa mji huu, mimi nimekukosea nini?

Mama alikuwa ameketi kwenye kibao kando yake. Niliiona mikono yake ikiondoka mapajani, ikifika ukingoni mwa kitanda. Ile mikono ilikuwa imekwenda kwenye maumivu maisha yake yote, ilikuwa haijui kufanya lingine.

Ikarudi mapajani. Akainama, akatoa chupa ya mafuta ya nazi kwenye kapu lake, akanipa.

"Nenda nayo nyumbani," akasema. "Yakiwa hapa nitamkanda."

Nikatoka na chupa ile mkononi, nikapita nayo mjini na bugaluu langu, mafuta yananimwagikia vidoleni, na machozi nayo yananitoka. Watu waliniamkia, nikaitika. Nilipofika nyumbani niliiweka juu ya kabati, nikarudi.

Niliporudi, Mama alikuwa amepata kazi ya kuipa mikono. Alikuwa anamsuka Zuhura nywele, mistari midogo midogo, anamsimulia habari za harusi za zamani, nani alikimbiwa na bwana harusi na nani alidondosha pilau. Zuhura analia, anacheka kidogo kwa sababu kucheka sana kulimchoma ubavu, analia tena. Mama akimaliza kichwa, anafumua, anaanza upya.

Hivyo hivyo hadi Land Rover iliporudi, imevaa tope hadi kwenye vioo.

Zikafuata wiki za sindano, kisha vidonge, damu ikipimwa mara kwa mara. Hakuna siku hata moja iliyokuwa na tukio la kusimulia. Siku moja daktari alipima mguu kwa utepe wake, akatabasamu. Siku nyingine hakutabasamu, lakini hakukunja uso. Maumivu ya kifua yalikwisha kwanza. Mguu ulifuata taratibu sana, mpaka siku ambayo Zuhura alisema anauona mfupa wa kifundo chake, akatuita wote tuje tuuone. Tukauangalia kama watu wanaoangalia mwezi wa Idi.

Nyumbani nako kulikuwa na vita yake. Daktari aliagiza Zuhura atembee kidogo kidogo uani, kabla ya arobaini kutimia. Kutembea. Mzazi. Bi. Kibibi alipoona, mdomo haukufunga.

"Shoga, watu wote unawakanda, mkweo mwenyewe hata maji ya moto humpi," alimwambia Mama mbele ya wanawake wenzao. "Unamtembeza kama askari. Angekuwa mwanao wa kumzaa ungemfanyia hivi?"

Maneno hayo yalikuwa mazito, maana ndiyo yangefika Pangani.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mguu ule una fundi wake ndani, Kibibi," alisema. "Mimi nikitia mkono namharibia kazi."

Wakacheka. Siku kadhaa walimwita Bi. Fundi. Naye aliitika.

Shangazi wa Pangani akaja kama alivyoahidi. Zuhura alimpokea mlangoni kwa miguu yake miwili, mtoto mkononi. Mambo yangeweza kuishia hapo, kila mtu anywe kahawa. Mguu ulikuwa karibu sawa na mwenzake, shangazi asingejua kitu.

Mama hakuacha yaishie hapo. Alimkalisha mkekani, akamweleza yote: kwamba mguu ulivimba chini ya dari yake asijue, kwamba aliukanda, kwamba Zuhura alikosa pumzi mikononi mwake. "Ulinipa binti," akasema, "nami nusura nikurudishie maiti. Sikujua. Sasa najua."

Zuhura alitaka kumtetea, shangazi akamzuia kwa mkono. Yeye naye alikuwa amekanda watu huko kwao.

"Hata mimi ningeukanda," akasema. Kisha akachukua kikombe chake. "Mimba ya pili nitamleta hapa hapa."

Na alimleta.

Mama aliendelea na kazi yake miaka mingi baada ya hapo. Lakini alinunua futi ya utepe dukani kwa Banyani, akawa haanzi kumkanda mzazi yeyote kabla hajapima miguu yote miwili. Ikitofautiana, hamkandi, anampeleka hospitali mwenyewe, na akifika huko hakubali kuondoka hadi daktari aje. Wako wanawake Bagamoyo ambao leo ni bibi, na hawajui kwamba ni utepe ule uliowaokoa. Mama ametangulia mbele ya haki. Mungu amrehemu.

Mimi nilikwenda kusoma, kama kawaida yangu, nikiwa nimechelewa. Kile kiyeyushi cha daktari Adventina wataalamu wanakiita plasmini. Inasemekana huwa kimelala ndani ya damu, kinaamshwa damu inapoganda. Kikizidiwa, vibonge vinaziba mguu, pafu, moyo, ubongo. Kikizidi chenyewe, mtu anavuja damu ovyo. Siku hizi zipo dawa za kukiamsha kwa nguvu, wanapewa baadhi ya wagonjwa wa moyo na kiharusi, lakini zina hatari zake na zinataka mgonjwa awahi mapema. Ukikaa nyumbani unajadiliana na majirani, muda wake unapita.

Nikiwaza, napata shukrani ya ajabu. Wakati mimi natoa mhadhara juu ya mbu, wakati Bi. Kibibi anatafuta mchawi, kuna kitu ndani ya mguu wa Zuhura kilikuwa kinachapa kazi kimya kimya bila kuombwa. Kilihitaji tu watu wa nje tuache kukisumbua, na tukipe mlinzi wa getini.

Zuhura yupo. Mguu ule hadi leo unajaa kidogo akisimama mchana kutwa, na ananikumbusha hivyo kila ninapomwomba chai. Yule mtoto wa kwenye magunia ya chumvi sasa ana watoto wake.

Sisemi kukanda ni kubaya. Mama yangu alikuwa mkandaji na najivunia. Ninasema hivi: mguu mmoja ukivimba peke yake, unauma, una joto, hasa kwa mzazi, au mtu aliyetoka kwenye operesheni, au aliyelala kitandani muda mrefu, usiukande na usisubiri. Hospitali. Akianza kukosa pumzi, hospitali kwa kukimbia, hata kama kichwa kiko wazi.

Wenye uzoefu changieni. Madaktari mliomo humu nirekebisheni nilipokosea, mimi ni mtu wa historia.

Lakini kama nyumbani kwako sasa hivi kuna mzazi ndani, usinijibu kwanza. Nenda kamwombe akuonyeshe miguu yote miwili. Uzi utakukuta hapa hapa.